Buni Aliyoimeza Avit

Wewe uliona. Usianze leo kutafuta miwani. Ulikuwa umeketi kwenye kibanda cha chai pale Bilele, mwaka ule wa korona, barakoa imekuning'inia kidevuni kama ndevu za beberu, wale wazee wawili walipopita kwenda ofisi ya uhamiaji. Uliwaona. Waliporudi mvua ikiwapiga, uliwaona tena, ukakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Bibi alipoteleza ukingoni mwa mtaro, ukainamia simu yako, ukasoma upya ujumbe ulioumaliza asubuhi. Katika mji mzima wa Bukoba mtu mmoja tu ndiye hakugeuza uso siku ile. Alitoka mbio, akamshika bibi mkono, akamfunika kwa mwavuli wake.

Mtu huyo alikuwa tapeli. Ona aibu kwanza, ndipo usikilize.

Jina lake Avit, mzaliwa wa kilimani Kitendaguro, na kama hajawahi kukutapeli basi ni kwa sababu huna kitu. Baada ya tetemeko aliuza maturubai ya msaada, na walionunua kwake ndio hao hao waliokuwa wameletewa bure. Korona ilipoingia akafungua kiwanda: gongo ndani ya chupa za dawa, karatasi yenye msalaba wa kijani juu yake, na jina kubwa la "kitakasa mikono". Wateja walitakasa koo. Hakuna aliyerudi kulalamika. Waliorudi walirudi kuongeza. Washindani walipomwingilia, akajipatia kile kifaa cha kupimia homa chenye umbo la bastola, akakichomeka kiunoni. Nchi hii ukimpa mtu kitu chenye umbo la bastola, hata ng'ombe watampisha njia. Avit alikuwa akikielekeza kwenye paji la uso la mtu, anakitazama kwa huzuni ya daktari, kisha anasema, "Thelathini na sita. Unafaa." Watu wakashukuru. Wengine wakampa ndizi.

Basi chini ya ule mwavuli akampiga mzee paji, akampiga na bibi.

"Thelathini na sita wote wawili. Mnafaa. Sasa niambieni, wazee wangu, uhamiaji mnafuata nini, na nyuso zenu ni za Muleba kabisa?"

Nyuso zilikuwa za Muleba. Pasi ndizo zilizokuwa za Uswidi. Mzee Damian alizitoa kwenye mfuko wa nailoni, akaziangalia kama mtu anayeangalia meno yake ya bandia. Yeye na mkewe Anatolia waliondoka miaka ya themanini. Yeye akaendesha tramu huko kwenye theluji, mkewe akauguza wagonjwa, wakachukua uraia wa kule. Na sheria ya huku haimruhusu mtu kuvaa viatu viwili katika mguu mmoja. Walipostaafu walirudi kuzeekea kilimani Muleba, ziwa likiwa chini ya miguu yao. Lakini walirudi kama wageni. Mtu aliyezaliwa pale, kitovu chake kikazikwa pale, anaomba ruhusa ya kulala karibu na kaburi la baba yake!

Muda wao ulipokuwa ukikaribia kuisha, desturi yao ilikuwa kupanda gari hadi Mutukula, kuvuka, kunywa soda upande wa Uganda, na kurudi na muhuri mpya. Sasa Uganda ilikuwa imefunga mpaka kwa abiria. Malori ya saruji yalipita, wazee hawakupita. Ndege hakuna. Kutoka hawawezi, na kukaa muda unaisha.

"Afisa ni kijana mzuri," alisema Damian. "Ametuambia tulete raia mmoja mwenye makao yanayojulikana, atudhamini mpaka njia zifunguliwe. Mmoja tu. Tusipompata, hajui atatufanya nini, na sisi hatujui."

"Na ukoo?"

Anatolia alicheka kicheko kifupi. "Ukoo! Wamekunywa rubisi yetu mpaka mtumbwi wa kukamulia ndizi ukapasuka. Tulipotaja dhamana, mmoja akakumbuka msiba Karagwe, mwingine mgongo ukamshika. Mchungaji akasema ataliombea."

"Na analiombea?"

"Kwa bidii sana."

Avit aliwahurumia. Usishangae, tapeli naye ana moyo; ila moyo wake umepangisha chumba kwa tumbo. Akajinyoosha, akakohoa ndani ya kiwiko kama wizara ilivyoagiza.

"Mungu amewaleta kwangu. Mimi ni mratibu wa masuala ya wageni wastaafu, kanda ya ziwa."

"Ofisi yako iko wapi, mwana wange?" bibi akauliza.

"Inahamahama, mama. Ni haya mambo ya kutokaribiana."

Anatolia akamtazama kutoka viatuni hadi utosini. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo ndipo Avit alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Alikuwa na uongo wa shule aliyosoma, uongo wa umri, uongo wa dini mbili. Lakini mzaliwa wa Kagera akiulizwa na bibi ni mtoto wa nani, ulimi hujijibu wenyewe, mwenyewe akiwa bado anafikiri.

"Wa Penina. Penina wa Kitendaguro, yule aliyetoka ng'ambo ya mto Kagera."

"Aaa," alisema Anatolia. Kama Avit angekuwa na akili kama alivyokuwa na maneno, angeiogopa ile "aaa".

Siku ile aliondoka na koti la Damian, la sufi nzito ya Ulaya, refu mpaka magotini. Alieleza kwamba faili halifunguliwi hivi hivi, lazima lifunguliwe na kitu. Akalivaa mjini katikati ya joto la mchana, jasho likimtiririka hadi kwenye soksi, na watu wakamwamkia kwa unyenyekevu mpya.

Alipokwenda Muleba kuwapa habari kwamba faili linatembea, ndipo alipoona kibanja. Migomba iliyopogolewa vizuri, kahawa inayoanza kuiva, na chini yake ziwa limelala kama limelipwa. Moyo ukahama chumba kabisa, tumbo likachukua nyumba nzima. Maana kule Bilele alikuwepo Hafidhi, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani, na ambaye alikuwa akitafuta mahali pa kujenga hoteli ya watalii ambao mwaka ule hawakuwepo duniani. Avit alikuwa ameshamwahidi kilima. Hakuwa na kilima, lakini hilo halijawahi kumzuia.

"Wazee wangu," alisema akiwa barazani, kwa sauti ya mazishi, "nimelala na sheria usiku kucha. Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi. Wakija kukagua dhamana watauliza kibanja ni cha nani. Mtasema nini?"

Damian alifungua mdomo. Anatolia akamkanyaga mguu.

"Sema wewe, mratibu," alisema bibi.

"Kiandikeni kwa jina langu. Kwa muda tu! Mimi niwe mdhamini wenu, niwe pia mlinzi wa kibanja. Korona ikiisha, ninawarudishia na mkungu juu."

Anatolia alitikisa kichwa taratibu. "Kibanja chenye makaburi hakiendi kwa mtu wa nje. Ukoo utapiga kelele mpaka Biharamulo."

"Basi mtu wa nje aingie ndani, mama. Hakuna mlango?"

"Mlango..." Bibi aliitazama mikahawa kama aliyekumbushwa kitu. "Upo omukago. Lakini nyinyi vijana wa mjini mtaweza?"

Omukago Avit aliusikia kwa bibi yake, kama watu wanavyosikia habari za ndui. Watu wawili wanachanjwa tumboni. Linachumwa tunda moja la kahawa, ambalo ndani lina punje mbili zilizokumbatiana. Kila mmoja anapaka punje yake damu yake, wanabadilishana, wanameza. Kuanzia hapo ni ndugu kuliko ndugu. Humnyimi, humuuzi, humwachi mlangoni. Atakayevunja, wazee husema, tumbo litamvimba mpaka lieleze lenyewe alichofanya.

Avit alicheka moyoni. Kumeza buni moja upate kilima cha ziwani? Angemeza gunia.

Siku ya shughuli ukoo wote ulihudhuria. Aliyekuwa na mgongo alipona, aliyekuwa msibani alirudi. Palikuwa na rubisi. Damian alimnong'oneza mkewe, "Mchungaji akisikia?" Anatolia akamjibu, "Ataliombea." Alikuwa amevaa glavu, ana spiriti, pamba, na kiwembe kipya kwa kila tumbo, maana hakuuguza watu Ulaya miaka yote ile aje kuleta homa ya ini barazani kwake. Avit, kwa ukarimu, akamtolea chupa yake ya kitakasa mikono. Bibi aliinusa, akampa Ta Kamala, mkubwa wa ukoo. Ta Kamala akaitakasa yote.

"Na hiyo bastola yako, mwanangu, nione." Anatolia akaichukua, akailenga birika iliyokuwa ikitoka mvuke juu ya jiko, akabonyeza. Akawasomea watu: "Thelathini na sita. Hata chai haina homa."

Baraza zima lilicheka. Avit alicheka kuliko wote, kwa sababu kibanja kilikuwa kinakuja.

Kisha Ta Kamala, macho yakiwa mekundu kwa usafi, akasimama akapaza sauti: "Ndugu yako akikosa pa kulala?"

"Atalala kwangu!"

"Akikosa wa kumsemea?"

"Nitamsemea!"

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya yeyote!" Avit alijibu kama bwana harusi aliyeacha gari linawaka. Mashati yakafunuliwa, lake na la Damian, viwembe vikagusa, punje zikapakwa, zikabadilishana mikono. Akameza. Ilishuka polepole, ikikwaruza njiani, kama mgeni anayekagua nyumba.

Kulipokucha alimchukua Hafidhi, au tuseme Hafidhi alimchukua yeye, kwa gari lake, hadi ofisi ya kijiji. Mtendaji alikuwa Lilian, dada mcheshi. Aliposikia ni kibanja kipi, akaweka kalamu chini.

"Kile cha Ta Damian? Kile ni cha usharika, kaka yangu. Alipobadilisha pasi tu alikikabidhi kanisani kwa mkono wake, akaombewa, wakamwachia akae na mkewe mpaka Mungu awaite. Jiwe la mpaka lenye msalaba liko pale nyuma ya choo. Hujawahi kwenda chooni kule?"

Avit hakuwahi. Wajanja hawaendi choo cha watu wanaowatapeli, wana haraka.

"Lakini jana walinifanya ndugu!" alipiga kelele. "Nimekula omukago na mzee!"

Lilian aliacha kucheka. Hafidhi, aliyekuwa akitazama ramani ukutani, aligeuka.

"Umekula omukago na nani?"

"Na Damian. Lakini wewe Mwislamu, Hafidhi, yanakuhusu nini haya?"

"Babu yangu alifika Bukoba na kanzu moja na tasbihi. Aliyempa mahali pa kufungua duka alikuwa ndugu yake wa buni, Mhaya wa hapa hapa. Mpaka leo watoto wake wakifa tunazika sisi, na sisi tukifa wanazika wao." Alivaa barakoa yake vizuri, juu ya pua, kana kwamba ndiyo kwanza ameona ugonjwa. "Jana umemeza damu ya mtu, leo umekuja kumuuza. Mimi utaniuza saa ngapi? Tafuta bodaboda."

Avit alipanda kilima kwa miguu na koti lake la sufi. Aliwakuta wazee wanamenya ndizi.

"Mlinidanganya!"

"Nani?" alisema Anatolia bila kuinua macho. "Nilikuambia kibanja hakiendi kwa mtu wa nje. Ni uongo?"

"Sasa mimi si wa nje!"

"Vizuri. Na mtu wa ndani hauzi. Nitajie siku niliyosema ni chetu, nikupikie kuku."

Avit alitafuta siku hiyo kichwani. Hakuipata. Alikuwa amesema yeye, maneno yote, kuanzia mwavuli hadi buni. Mama huyu alikuwa akimshikia tu taa.

"Koti linakukaa, ndugu yangu," alisema Damian kwa upole wa kweli. "Livae tu. La ndugu ni la ndugu. Alhamisi tunakwenda uhamiaji, unakumbuka? Muda unaisha Ijumaa."

"Alhamisi," alisema Avit, naye akanuia kwamba Alhamisi itamkuta Mwanza.

Lakini habari ya omukago ilishafika Bukoba kabla yake. Muuza vocha wa Rwamishenye alikataa kumkopesha. Kinyozi alisema wembe umeisha. Mama mmoja sokoni, ambaye Avit alimuuzia maturubai yake mwenyewe asilalamike hata siku moja, alimwambia, "Wewe kutuibia ni kazi yako, tunajua. Lakini ndugu wa buni?" Sasa fikiri. Kazi yote ya tapeli ni kuaminiwa. Tapeli asiyeaminika ni kama kinyozi mwenye kwikwi. Anaweza kuwa na vifaa vyote, nani atampa kichwa?

Kwa huzuni akanunua senene, maana walikuwa wameanguka na mvua ile, akala bakuli akiwa amesimama, akala la pili akiwa amekaa. Mchana ukapita, tumbo likaanza. Likajaa. Likakaza. Likawa ngoma, tena ngoma iliyowekwa kwenye moto. Avit akalishika kwa mikono miwili, akakumbuka maneno ya bibi yake, na mjanja wa Bilele akapanda Kitendaguro mbio akilia "Mama!" kama ndama.

Penina alikuwa uani anaanika maharage. "Umekula nini?"

"Omukago, mama! Na nimetaka kuuvunja!"

Penina alimwonyesha kigoda. Hakuharakisha. Alimaliza maharage.

"Nilikuwa binti mkubwa majeshi ya Amin yalipoingia," alisema. "Tuliacha chungu kinachemka. Tulivuka mto, tukatembea mpaka miguu ikasahau kazi yake. Njiani watu walituona, Avit. Walituona wakafunga milango, wakasema hapa pamejaa. Kule Muleba, kilimani, bi harusi mmoja alitoka nje na kibuyu cha uji. Hakutuuliza tumetoka upande gani. Hakuuliza karatasi. Msimu ule wote wa mvua tuliumaliza kwenye nyumba yake. Unamjua bi harusi huyo?"

Avit aliisikia ile buni ikigeuka.

"Anatolia," alisema.

"Na wewe umemvua mumewe koti."

"Alinipa, mama."

"Vua."

Alilivua. Upepo wa ziwa ukampiga kwenye shati lenye jasho, akatetemeka. Halafu, kwa kuwa hata akiwa mgonjwa alikuwa Avit, akauliza: "Mbona hawakukuomba wewe uwadhamini? Wewe ni raia. Una nyumba."

"Siku ile ile uliyomwambia mama yako ni nani, alinipigia simu. Nikamwambia nakuja, hata kwa magoti. Akakataa. Akasema, Penina, wewe umezeeka kama sisi. Wazee watatu wakishikana mikono wanaanguka wote. Nipe huyo mwanao mjanja." Penina alikung'uta ungo. "Nikamwambia, mchukue. Ila mfunge na kitu, maana anateleza."

Avit alikuwa amewatapeli wauguzi, mafundi, katekista na bwana shamba, na hakuna aliyewahi kumgeuza kama hawa mabibi wawili kwa simu moja.

"Mama, uliniuza?"

"Nilikutoa bure. Nani angekununua?"

"Na tumbo hili?"

"Tumbo ni senene. Naona mbawa kwenye meno yako." Kisha akanyoosha kidole. "Lakini usinijaribu Alhamisi."

Alhamisi mvua ilinyesha. Walipita watatu pale kwenye kibanda cha chai, Avit katikati na mwavuli, Damian na koti lake. Afisa alisoma, akapanga, akamtazama Avit.

"Wewe ni nani kwao?"

Avit alikuwa amesema uongo katika ofisi zote kuanzia Rwamishenye hadi Mwanza, na haukuwahi kumbana. Ukweli ulimbana kama kiatu kipya. Alifikiria mlango, ulikuwa wazi. Alifikiria Mwanza. Kisha akamwona Damian akizishika zile pasi mbili, macho ameyaelekeza sakafuni kama mtu aliyezoea kuambiwa arudi kesho.

"Ni ndugu zangu," alisema. "Kwao ni kwangu. Wakikosa pa kulala wanalala kwangu. Niandike."

"Ndugu wa baba mmoja?"

"Wa tunda moja."

Afisa hakuwa mtu wa mbali; alikuwa na bibi yake kijijini. Akapiga muhuri. Damian akamshika Avit bega. Nje, Anatolia alichomoa kwenye mkoba wake ile bastola, ambayo hakuwa ameirudisha, akamlenga Avit kwenye paji la uso.

"Thelathini na sita," alisema. "Unafaa."

Usidhani aliokoka. Mwezi haukuisha akawa amemuuzia mchungaji katoni nzima ya kitakasa mikono, kwa maombi ya madhehebu yote. Lakini kila Jumamosi alipanda Muleba kupogoa migomba ya usharika bila malipo, akinung'unika, na kila muda wa wazee ulipokaribia kuisha alikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi, mwavuli mkononi. Humnyimi, humuuzi, humwachi mlangoni.

Sasa wewe. Mipaka imefunguliwa, barakoa umeshazifanya vitambaa vya kufutia baiskeli, na unadhani yamekwisha. Hayajakwisha. Yuko mzee leo kwenye benchi la ofisi, kwao ni hapa hapa, ameambiwa alete mtu mmoja wa kumsemea, na wote aliowaomba wameshikwa na mgongo. Unamjua. Alikuja kwako juzi, ukamwambia utaangalia. Wakati wa vita, bi harusi mwenye kibuyu kimoja hakuuliza karatasi; wewe una kitambulisho mfukoni, na unasubiri chai iive.

Tapeli aliinuka kabla yako. Weka kikombe. Inuka, nenda pale kwenye benchi, sema "huyu ni wangu", uandikwe. Sasa hivi, kabla hawajafunga ofisi.